Mfanyabiashara mdogo na mwalimu wa akili bandia: Gharama, faida na hatari zake

KATIKA ukurasa huu tumezoea kuwaletea wasomaji bei za mahindi, mchele, maharage na hisa. Wiki hii tunaangalia bidhaa ya aina nyingine, ambayo imeenea sokoni kwa kasi tangu mwishoni mwa mwaka 2022. Nayo ni elimu ya kuandika programu za kompyuta, inayotolewa na mwalimu ambaye si binadamu.

Mwalimu huyo ni mtambo wa akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba. Mtambo uliofungua njia kwa umma ni ChatGPT wa kampuni ya OpenAI ya Marekani, uliotolewa tarehe 30 Novemba, 2022. Baadaye yakafuata makampuni mengine, yakiwemo Anthropic yenye mtambo wa Claude na Google yenye Gemini. Mitambo hii hujibu maswali kwa maandishi, huandika programu, na humweleza mtu asiyejua chochote jinsi programu hiyo inavyofanya kazi. Inaelewa Kiswahili, ingawa ina uzoefu mkubwa zaidi wa Kiingereza.

Swali linaloulizwa na wafanyabiashara wengi ni hili: je, mtu mwenye duka, kibanda cha nafaka au hisa chache, ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, atumie saa zake na fedha za bando kujifunza kazi hiyo? Ukurasa huu unalijibu swali hilo kwa namna unavyojibu maswali mengine ya uwekezaji, yaani kwa kupima gharama, faida na hatari.

Kwa nini mfanyabiashara?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wetu wengi wana daftari, lakini daftari hilo huandika yaliyokwisha kutokea. Mtu hugundua kwamba alipata hasara baada ya mzigo kuuzwa na deni kubaki. Kinachokosekana ni hesabu ya kabla ya safari: nikinunua kwa bei hii, nikakopa kiasi hiki, na lori likachelewa wiki mbili, nitabaki na nini?

Hesabu hiyo si ngumu, ila inachosha kuirudia kila bei inapobadilika. Kompyuta haichoki kurudia. Hapo ndipo programu ndogo ya mistari kumi inapoweza kuokoa mtaji.

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya majaribio ya kuendesha hesabu za Serikali kwa mitambo hiyo kuleta matatizo makubwa. Marufuku hiyo iliondoka pamoja na siasa za uchumi za wakati ule, lakini fundisho lake bado lipo. Mtambo wa hesabu ambao mwenye mali hauelewi ni hatari kwa mali yake, uwe wa Serikali au wa mwenye kibanda cha nafaka Tandale.

Programu ni nini hasa?

Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine, bila kuongeza busara yake. Ni kama kumwachia kijana wa dukani karatasi ya maelekezo. Tofauti ni kwamba kijana akiona jambo la ajabu atauliza, lakini kompyuta itaendelea.

Maagizo hayo huandikwa kwa lugha maalumu. Inayopendekezwa zaidi kwa wanaoanza ni Python, iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Lugha hii haiuzwi, hutolewa bure. Maneno yake rasmi ni 35 tu, na ingawa ni ya asili ya Kiingereza, mengine yote mwandishi anaweza kuyatunga kwa Kiswahili. Majina kama magunia, bei, deni na faida yanakubalika bila tatizo.

Mfano wa magunia 80

Tuchukue mfano. Tarakimu zilizomo ni za kufundishia na si bei za soko la wiki hii.

Mfanyabiashara ananunua magunia 80 ya mahindi Kibaigwa, mkoani Dodoma, kwa Sh. 55,000 kila gunia la kilo 100. Usafiri hadi Dar es Salaam ni Sh. 7,000 kwa gunia, kupakia na kushusha Sh. 2,000, na ushuru Sh. 1,000. Jumla ni Sh. 65,000 kwa gunia, au Sh. 5,200,000 kwa mzigo mzima. Akifika sokoni anauza kwa Sh. 720 kwa kilo. Wengi watapiga hesabu ya haraka: kilo 8,000 mara 720 ni Sh. 5,760,000, kwa hiyo faida ni Sh. 560,000.

Lakini mahindi hukauka na mengine humwagika. Tuseme upungufu ni asilimia 3. Kilo zinazouzwa zinabaki 7,760, mauzo yanakuwa Sh. 5,587,200, na faida inashuka hadi Sh. 387,200. Aidha, kama Sh. milioni 4 za mtaji huo ni za mkopo wa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, riba ya mwezi mmoja ni Sh. 200,000. Faida sasa ni Sh. 187,200.

Programu ya hesabu hiyo ni hii:

magunia = 80
gharama = 65000
riba = 200000
kilo = magunia * 100
kilo_halisi = kilo * 97 / 100
mauzo = kilo_halisi * 720
faida = mauzo - magunia * gharama - riba
print(faida)

Msomaji ambaye hajawahi kuona programu ataona kwamba sehemu kubwa inasomeka. Nyota ni alama ya kuzidisha, mkwaju ni wa kugawanya, na neno la mstari wa mwisho huiambia kompyuta ionyeshe jibu. Kompyuta itaonyesha 187200.0, maana kwa sababu ya kugawanya imeweka nukta na sifuri mwishoni.

Faida ya kazi hii inaonekana unapobadilisha tarakimu. Mzigo ukikaa miezi miwili, riba inakuwa Sh. 400,000. Badilisha mstari wa riba tu, na jibu linageuka kuwa hasara ya Sh. 12,800. Biashara iliyoonekana kuwa na faida ya zaidi ya nusu milioni imekufa kwa upungufu wa asilimia 3 na mwezi mmoja wa kuchelewa. Ukitaka kujua bei ya chini ya kutopata hasara, gawanya gharama zote kwa kilo halisi. Kwa mkopo wa mwezi mmoja bei hiyo ni karibu Sh. 696 kwa kilo, na kwa miezi miwili ni karibu Sh. 722. Hizo ni tarakimu ambazo mtu anapaswa kuwa nazo kichwani kabla ya kumlipa dereva wa lori.

Makosa ya wanaoanza

Anayeanza hukata tamaa kwa sababu ya makosa madogo, na hapa ndipo mwalimu wa akili bandia anapoonyesha thamani yake. Zamani mtu alikwama siku tatu akimsubiri mtu wa kumwuliza. Sasa anaweza kunakili ujumbe wa kosa, akauliza maana yake, na akajibiwa hapo hapo, hata saa sita za usiku baada ya kufunga duka. Anaweza kuuliza swali lile lile mara kumi bila kuchekwa.

Yapo makosa mawili ambayo kila mfanyabiashara atakutana nayo. La kwanza ni la koma. Sisi tumezoea kuandika 65,000 kwa koma. Ukimjibu Python kwa kuandika 65,000 pale anapotaka namba, atakataa na kutoa ujumbe wa kosa, kwa kuwa kwake koma si sehemu ya namba.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halitoi ujumbe wowote. Chochote unachokiandika kwa kibodi wakati programu inakuuliza, Python hukichukua kuwa ni maandishi mpaka umwambie akigeuze kuwa namba. Ukiwa na magunia 40 asubuhi na 15 jioni, ukamwagiza ayajumlishe bila kuyageuza, atayaunganisha kama maneno na kukupa 4015. Kwa ghafla ghala lako lina magunia elfu nne na kumi na tano. Mtu anayejua mzigo wake atashtuka mara moja, ila anayeamini kila kinachotoka kwenye mtambo hatashtuka.

Mwalimu afundishe, asikufanyie kazi

Wazo la mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja si jipya. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, alieleza kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake alifanya vizuri kuliko karibu asilimia 98 ya wanafunzi waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Tatizo lilikuwa gharama, kwa maana hakuna nchi inayoweza kumlipia kila mtoto mwalimu wake. Wenye mitambo ya akili bandia wanadai kwamba wamelitatua tatizo hilo.

Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa unaonyesha kwamba mambo si rahisi kiasi hicho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha Marekani walitoa mwaka 2024 matokeo ya majaribio yaliyofanyika katika shule ya sekondari nchini Uturuki, yakihusu somo la hisabati na wanafunzi karibu 1,000. Waliopewa mtambo wa kawaida wa GPT-4 walipata alama asilimia 48 zaidi katika mazoezi kuliko wasiokuwa nao. Waliopewa mtambo uliorekebishwa ili utoe vidokezo badala ya majibu walipanda kwa asilimia 127. Lakini mitambo ilipoondolewa na mtihani kufanyika, waliozoea mtambo wa kawaida walipata alama asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuutumia. Waliopewa vidokezo hawakupata madhara hayo.

Somo lilikuwa hisabati, lakini onyo linaihusu pia kazi ya programu. Anayepewa jibu huliandika na kuendelea, na anayepewa kidokezo hulazimika kufikiri.

Barani Afrika nako kuna habari za kutia moyo. Mwaka 2024, katika jimbo la Edo nchini Nigeria, Benki ya Dunia ilisimamia majaribio ya wiki sita ambapo wanafunzi wa sekondari walitumia akili bandia baada ya saa za shule, walimu wao wakiwa pamoja nao. Walioshiriki walifanya vizuri katika mtihani kuliko wenzao wasioshiriki. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwalimu binadamu hakuondolewa chumbani.

Nacho Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho somo lake la utangulizi wa kompyuta la CS50 hutolewa bure kwa dunia nzima kwa njia ya intaneti, mwaka 2023 kilianza kuwapa wanafunzi wake msaidizi wa akili bandia aliyetengenezwa kwa makusudi awaongoze kwenye jibu bila kuwapa jibu lenyewe.

Jinsi ya kumwagiza

Mfanyabiashara wa kawaida anaweza kupata mwalimu wa aina hiyo kwa kumwekea masharti tangu mwanzo. Unaweza kumwandikia hivi: "Mimi nauza nafaka na sijawahi kuandika programu. Nifundishe Python kwa Kiswahili rahisi. Usiniandikie programu nzima. Nipe hatua moja, uniulize swali moja, kisha usubiri nijibu. Nikikosea, nipe kidokezo kwanza."

Masharti hayo huyasahau mazungumzo yanapokuwa marefu. Ukiona ameanza kumwaga kurasa za programu, mrudishe kwenye mstari. Aidha, usikubali kupita mstari usiouelewa. Mwulize: mstari huu unafanya nini, na nikiuondoa kitatokea nini? Kisha uuondoe mwenyewe uone. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mwalimu huyu hatozi ada kwa kila swali.

Kipimo cha kujua kama umejifunza ni rahisi. Zima mazungumzo, fungua ukurasa mtupu, na uiandike upya programu ya jana kwa kichwa chako. Ukishindwa, ujue ulichokuwa nacho jana kilikuwa cha kuazima.

Mwalimu anapokosea

Mitambo hii hukosea, na hukosea kwa sauti ile ile ya kujiamini inayotumia inaposema kweli. Mwaka 2023 wakili mmoja wa mjini New York aliwasilisha mahakamani hati iliyotaja kesi zilizobuniwa na ChatGPT, ambazo hazikuwahi kuwepo. Jaji aliwatoza mawakili waliohusika na kampuni yao faini ya dola 5,000.

Katika programu za biashara, kosa la hatari ni lile lisilosimamisha mtambo. Turudi kwenye magunia yetu 80. Ukimwambia mwalimu "kata upungufu wa asilimia 3" bila kueleza zaidi, anaweza kukata asilimia 3 ya gharama, yaani Sh. 156,000. Upungufu wa kweli ni wa kilo 240, ambazo kwa bei ya sokoni ni Sh. 172,800. Programu itatoa jibu safi, bila ujumbe wa kosa, lakini umejidanganya kwa Sh. 16,800. Kwa mzigo mmoja ni fedha ya kuvumilika, ila ukiurudia mwaka mzima unakuwa mtaji wa mtu mwingine.

Dawa yake wafanyabiashara wanaijua tayari, kwani hakuna anayepokea mzigo bila kupima. Kabla ya kuiamini programu, ipime kwa gunia moja. Kilo 97 mara 720 ni Sh. 69,840, ukitoa Sh. 65,000 unabaki na Sh. 4,840. Zidisha kwa 80 unapata Sh. 387,200 kabla ya riba. Kama programu haikubaliani na kalamu yako, mojawapo ni mwongo, na usisafiri mpaka umejua ni ipi.

Wanaodhani kwamba makosa haya ni ya wadogo tu waangalie yaliyoikuta kampuni ya Knight Capital ya Marekani. Tarehe 1 Agosti, 2012, programu yake mpya ya kununua na kuuza hisa ilianza kazi ikiwa na hitilafu. Kwa muda wa dakika kama 45 ilifanya ununuzi na uuzaji ambao haukukusudiwa, na kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Haikupona, na mwaka uliofuata iliunganishwa na kampuni nyingine.

Kwa wenye hisa

Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze mauzo mwezi Aprili, 1998, wawekezaji wadogo wengi wamekuwa wakinunua hisa kidogo kidogo kwa bei tofauti. Wengi hawajui wastani wa bei waliyonunulia. Mtu aliyenunua hisa 1,000 kwa Sh. 400 na baadaye hisa 500 kwa Sh. 520 hujumlisha 400 na 520, akagawa kwa mbili, akapata Sh. 460. Hiyo si sahihi. Alitumia Sh. 660,000 kwa hisa 1,500, kwa hiyo wastani wake ni Sh. 440 kabla ya ada ya dalali. Bei ikiwa Sh. 450, mmoja atajiona yuko kwenye hasara na mwingine yuko kwenye faida, ilhali ni mtu yule yule.

Programu ya kutunza hesabu hiyo, pamoja na ada na gawio, ni zoezi zuri kwa wiki ya tatu au ya nne ya kujifunza. Lakini tunawaonya wasomaji dhidi ya matangazo ya programu zinazodaiwa kubashiri bei na kufanya biashara ya fedha za kigeni zenyewe. Aliye na programu inayochapa faida kila siku hana sababu ya kuiuza kwa ada ndogo kwa watu asiowajua. Anayejua kusoma programu, walau kidogo, ana nafasi ya kuuliza imepimwaje. Asiyejua atauziwa jina tu.

Gharama zake

Python ni bure. Mitambo mikubwa ya akili bandia ina huduma ya bure yenye ukomo wa matumizi, ambayo inamtosha anayeanza. Huduma ya kulipia ya ChatGPT ilianzishwa mwezi Februari, 2023 kwa dola 20 kwa mwezi, na hatuoni sababu ya mtu kuilipia kabla hajamaliza miezi miwili ya kujifunza.

Kompyuta mpakato iliyotumika inatosha. Asiyekuwa nayo anaweza kuanza kwa simu janja ya Android, kwani zipo programu za simu kama Pydroid 3 zinazoendesha Python, na nyingi ya kazi zake hazihitaji intaneti. Mazungumzo ya maandishi na mwalimu hayali bando kubwa ukilinganisha na video.

Gharama kubwa ni muda. Kwa kadirio letu, saa moja kwa siku kwa wiki nane humfikisha mtu asiyejua chochote mahali pa kuandika mwenyewe hesabu za mzigo, wadeni na mali iliyomo dukani. Haba na haba hujaza kibaba. Anayesoma saa saba Jumapili na kuacha siku nyingine atakuwa anaanza upya kila wiki.

Siri za wateja na sheria

Mazungumzo na mtambo huu hayabaki dukani kwako. Huenda kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo. Mwaka 2023 kampuni ya Samsung ya Korea Kusini iliwazuia wafanyakazi wake kutumia mitambo ya aina hiyo baada ya baadhi yao kuingiza humo siri za kazi. Kwa hiyo usiingize majina ya wadeni wako, namba zao za simu, wala namba ya siri ya akaunti yako ya fedha ya simu. Tumia majina ya kubuni unapojifunza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019. Mwenye duka naye ni mtunzaji wa taarifa za watu.

Kadhalika, programu uliyoiandika mwenyewe haichukui nafasi ya mashine ya risiti ya EFD. Ni daftari lako la ndani. Na kwa kuwa umeme hukatika na simu huibwa, weka nakala ya pili ya faili zako mahali pengine.

Je, italeta ajira?

Wapo wanaoahidi kwamba kwa miezi mitatu mtu ataajiriwa kama mtaalamu wa programu. Tahadhari inahitajika. Mitambo ile ile inayofundisha wanaoanza ndiyo sasa inayoandika sehemu ya kazi walizokuwa wakipewa wanaoanza, kwa hiyo ushindani wa kazi hizo umekuwa mkali. Kijana anayetaka kuifanya iwe kazi ya maisha anahitaji miaka, walimu na kazi za mikono yake za kuonyesha.

Kwa mfanyabiashara hali ni tofauti. Yeye tayari anaijua biashara, na ujuzi huo ndio ambao mtambo hauna. Mtambo haujui kwamba gunia la lumbesa si gunia la kilo 100, kwamba mahindi ya mwezi wa sita bado yana maji, au kwamba mteja fulani hulipa baada ya mavuno. Anayejua mambo hayo na akajua pia kuyaandika kwa maagizo ambayo kompyuta inayaelewa, ana kitu ambacho mtaalamu wa mjini hana.

Wengine watauliza: kama mtambo unaweza kuandika programu yote, kwa nini nijisumbue kujifunza? Jibu ni sawa na la mizani. Mwenye duka si lazima ajue kuunda mizani, ila asiyejua kuisoma atapunjwa kila siku, na hatajua ni nani anayempunja.

Muhtasari wa soko

Bei: Lugha ya Python ni bure, mwalimu ni bure kwa matumizi ya kawaida. Malipo halisi ni saa moja kwa siku na bando.

Upatikanaji: Mzuri palipo na intaneti. Kiswahili kinatumika, ila majibu ya Kiingereza bado ni mengi na kamili zaidi.

Ubora: Mzuri kwa maelezo na kusahihisha makosa. Hafifu kwa anayeomba majibu tupu.

Hatari: Kuamini jibu lisilopimwa, kutoa siri za wateja, na kulaghaiwa na wauzaji wa programu za kubashiri bei.

Ushauri: Nunua, lakini kwa kiasi. Anza na hesabu moja unayoijua vizuri, kama ya mzigo wako uliopita ambao faida au hasara yake unaikumbuka. Programu yako ikitoa jibu lile lile lililomo kwenye daftari, ongeza mstari wa riba, kisha wa upungufu, kisha wa siku za kuchelewa. Isipotoa, usiende Kibaigwa kwa kuitegemea.